Nani Anayeinama?

Waingereza wana namna ya ajabu ya kumsifu mtu asiyekata tamaa: humwita "dogged", yaani mwenye tabia ya mbwa. Zamani neno hilo lilikuwa tusi, likimsema mtu katili na mwenye roho mbaya. Baadaye likageuka sifa ya mtu aliyeng'ata jambo lake na hafungui taya. Kiswahili hakijafanya safari hiyo. Kwetu mbwa amebaki tusi, na tabia ya kushikilia tumeigawa katika makapu mawili. Katika kapu moja mna ukaidi, ubishi na kichwa ngumu. Katika la pili mna subira, ustahimilivu na ushupavu. Ung'ang'anizi unaning'inia katikati, mara huku mara kule, kwa kadiri ya anayesema na anayesemwa. Lakini ukiwatazama mkaidi na mstahimilivu kwa nje, wanafanya jambo moja: wote wawili hawaachi. Basi kwa nini mmoja tumsute na mwingine tumsifu?

Jibu jepesi ni kwamba tunahukumu kwa matokeo: aliyefaulu ni shupavu, aliyeshindwa ni mkaidi. Ukiwa Busisi jibu hilo linashawishi, maana mbele yako, juu ya Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria, lipo daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita zipatazo 3, kutoka Kigongo upande wa Misungwi hadi Busisi upande wa Sengerema. Ujenzi ulianza mwaka 2020. Magufuli, ambaye daraja limepewa jina lake, alifariki Machi 2021. Likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na safari iliyokuwa ya kusubiri kivuko ikawa ya dakika chache. Nguzo zimesimama, kwa hiyo ni rahisi kuwasifu walioshikilia. Hata hivyo, kama matokeo ndiyo kipimo, basi siku nguzo zilipokuwa nusu ndani ya maji hapakuwa na wema wala ubaya katika kushikilia, palikuwa na bahati nasibu tu. Mtu aliye katikati ya jambo lake anahitaji kujijua kabla halijaisha. Kipimo kinachokuja baada ya safari hakimsaidii msafiri.

Kipimo kinachofaa, naona, kimo katika methali tunayoitamka bila kuisikiliza: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii haimwambii mtu aache kutaka. Inamwambia ni mgongo wa nani utakaopinda. Mstahimilivu hushikilia lengo na kujipinda mwenyewe ili alifikie. Mkaidi naye hushikilia, lakini hunyoosha mgongo wake na kutaka kitanda kiinuliwe, watu wapinde, ukweli upinde, hata ziwa lipinde. Kwa hiyo tusiulize kwanza nani hajaacha; tuulize nani anayeinama.

Vitabu vya dini vinaunga mkono tofauti hii kwa mifano iliyo wazi. Katika Surat Nuh pande zote mbili zinashikilia. Watu wanatia vidole masikioni, wanajifunika nguo zao, wanazidi kiburi. Nuhu naye hakomi, ila ukiangalia vizuri utaona anabadilika: anaita usiku na mchana, anaita hadharani, kisha anaita kwa siri. Ujumbe ni uleule, lakini anayehangaika kutafuta mlango mwingine ni yeye. Katika Injili ya Mathayo yupo mwanamke Mkanaani anayemwombea binti yake, naye anajibiwa kwa mfano unaomweka mahali pa mbwa. Mkaidi angebishana juu ya heshima yake. Mwanamke huyu anaipokea nafasi hiyo ya chini, na kutoka palepale chini ya meza anadai makombo. Hakuachia lolote alilolitaka, na aliinama kuliko wote waliokuwepo. Kama kuna mahali ambapo tabia ya mbwa imekuwa sifa hata kwa msikiaji wa Kiswahili, ni hapo.

Historia ya ghuba hiihii inatoa ushahidi mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadri Weupe, waliondoka Buganda baada ya miaka michache tu ya kazi, wakavuka ziwa na mwaka 1883 wakaweka makao Bukumbi, upande wa Misungwi. Aliyewaona siku hiyo angeweza kusema wameshindwa. Mwaka 1885, Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, akiwa amekwisha kufa, walirudi. Mrithi wake, Mwanga, ndiye aliyeamuru kuuawa kwa waumini vijana wa kasri lake. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Miaka miwili baadaye Mwanga alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa, na mwisho akapata hifadhi Bukumbi, kwa mapadri wale wale ambao wanafunzi wao aliwaua. Mapadri walikuwa wamepinda wenyewe na kazi yao ikabaki. Mwanga alipindisha wengine, na mwaka 1888 hapakuwa na aliyebaki wa kumpindisha.

Hapa mtu atapinga kwa haki: Mwanga alikuwa akiilinda nchi yake dhidi ya wageni, na yaliyofuata yalionyesha kwamba hofu yake haikuwa ya kijinga. Nakubali. Lakini kipimo changu hakiulizi kama hofu ilikuwa ya kweli. Kinauliza nani aliilipia. Mwaka 1886 waliolipa ni vijana waliokuwa wakimhudumia. Mwaka 1897, akiwa amerudi kwenye kiti chake, Mwanga aliwaasi Waingereza, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, akafia huko mwaka 1903. Safari hii, ingawa wengine pia waliteseka, yeye mwenyewe aliweka kiti chake na mwili wake rehani. Mtu ni mmoja na ung'ang'anizi wake ni mmoja, lakini hatuwezi kuyapa matendo hayo mawili jina moja.

Wa pili atasema mashahidi wa Namugongo hawakuinama, na sifa yao yote imo katika kutoinama. Ni kweli kwamba katika jambo moja hawakupinda. Lakini hawakumpindisha mtu yeyote pia. Gharama yote ya msimamo wao waliibeba kwa miili yao wenyewe. Kuinama ninakokusema si kulegeza imani. Ni kukubali kwamba uzito wa imani yangu haumwangukii jirani.

Wa tatu ataniletea wagunduzi, akidai kwamba bila kichwa ngumu elimu isingesogea. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke aliona ncha ya kusini ya ziwa hapa Mwanza, akatangaza kuwa amepata chanzo cha Nile. Mwenzake, Richard Burton, alikataa, na kwa ushahidi wa siku ile Burton alikuwa na haki ya kukataa. Speke alikuwa karibu na ukweli, lakini ubishi wake haukuufanya uwe ukweli. Kilichousogeza ni miguu: alirudi, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama pale mto unapotoka ziwani, hata hivyo mjadala haukutulia mpaka mgunduzi mwingine, Stanley, alipolizunguka ziwa lote mwaka 1875. Elimu ilisogea pale aliyeng'ang'ania alipokubali kutembea tena.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi: mwizi naye huinama, hukesha, huvumilia baridi. Basi kuinama peke yake hakutoshi, nami sidai kwamba kunatosha. Ustahimilivu ni kama kivuko: huvusha mgonjwa anayekwenda hospitali na huvusha mali ya wizi, wala hakiulizi. Ubora wa shehena una mizani yake. Ila kivuko kibovu huzamisha hata shehena njema, na lengo jema lililobebwa na ukaidi huwaumiza wale wale lililokusudia kuwafaa. Mzazi anayetaka mwanawe asome ana lengo jema. Bado inabaki kuona kama yeye ndiye anayepunguza starehe zake ili ada ipatikane, au kama ni mgongo wa mtoto tu unaopinda kwa fimbo. Jibu hilo halisubiri matokeo ya mtihani. Linaonekana leo jioni, nyumbani.