Msimamizi na Ajipime Nafsi Yake

Kila mtu aliyepewa kuwasimamia wenzake, akiwa mzee wa usharika, au mwalimu mkuu, au mkuu wa kundi la wachimbaji, ana swali ambalo hana budi kulijibu mbele za Mungu: Je! nafaa kwa kazi hii, nami napungukiwa na nini?

Sisi wa Bugarama twakaa penye dhahabu. Karibu nasi upo mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza kazi mwaka 2001, na wachimbaji wadogo ni wengi. Twajua ya kuwa jiwe litokalo katika duara halisifiwi kwa rangi yake tu. Lapondwa, lasagwa, na unga wake waoshwa kwa maji, hata kilicho kizito kisalie. Kisha huja mizani, wala mnunuzi hakubali uzito uliotajwa kwa mdomo. Basi, ikiwa dhahabu twaipima hivyo, mbona nafsi zetu twazikadiria kwa macho?

Na tutoe mfano wetu wenyewe. Zamani tulikabidhiwa kusimamia ujenzi wa nyumba ya mtumishi wa usharika. Tulijihesabu kuwa hodari, maana tulikuwa wepesi wa kazi: saruji tulinunua wenyewe, mafundi tuliwalipa wenyewe, hesabu tuliziandika katika daftari letu. Mtunza hazina alipouliza, tulimjibu, “Usisumbuke, yote tunayo.” Ndipo tukashikwa na ugonjwa majuma sita. Kazi ikasimama. Hakuna aliyejua fundi amelipwa kiasi gani, wala mabati yameagizwa wapi. Watu wakaanza kunong’ona juu ya fedha, nao hawakukosa, kwa kuwa hatukuwaachia njia ya kujua. Hatukuiba hata senti moja. Walakini tuliwanyang’anya wenzetu sehemu yao ya kazi, na usharika tukaunyima amani.

Hapo tulijifunza neno hili: udhaifu wetu ulikuwa umejificha ndani ya nguvu zetu. Mwepesi wa kazi hukosa subira kwa wenziwe. Mpole huogopa kukemea. Mkali wa hesabu huweza kumsahau mtu aliye nyuma ya hesabu. Kwa hiyo haitoshi kuandika nguvu upande huu na udhaifu upande huu. Yatupasa kuuliza juu ya kila nguvu: Ni nani aliyeumia kwa ajili yake?

Jambo hili mtu haoni peke yake. Musa aliitwa na Mungu mwenyewe, lakini hakuona ya kuwa kuwaamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni kulimchosha yeye na watu pia. Aliyeona ni Yethro mkwewe, aliyekuja kumzuru. Na Musa akamsikiliza, akaweka wakuu wa kumsaidia. Habari hii imo katika Kutoka, sura ya 18. Tena Luther, katika Katekisimo Ndogo, alipofundisha maungamo, alimtaka kila mtu aitazame kazi aliyowekwa, kama ni baba au mama, bwana au mtumishi, ajiulize amemkosea nani katika kazi hiyo.

Labda mtu atasema, “Nikiwauliza walio chini yangu, watanisifu kwa hofu.” Ni kweli. Basi asiulize, “Je! mimi ni mwema?” Na aulize, “Ni kazi gani iliyokwama kwa ajili yangu?” Swali hilo lajibika pasipo kusifu wala kutukana. Naye atakayejibu asiadhibiwe; maana akiadhibiwa mara moja tu, kweli haitasemwa tena mbele ya msimamizi huyo.

Wala tusijishushe kupita kiasi. Asemaye kwamba hafai kwa lolote, mara nyingi aikimbia kazi. Hiyo nayo ni mizani ya uongo. Kipawa alichotoa Mungu kukikana si unyenyekevu.

Ile nyumba ilimalizika, lakini daftari lake lilishikwa na watu watatu, nasi tulikuwa mmoja wao. Kazi ilikwenda polepole zaidi, na manung’uniko yakakoma. Basi, ndugu, kabla hesabu za mwaka hazijasomwa mbele ya usharika, kila msimamizi na atafute mwenzake mmoja asiyemwogopa, amwulize swali lile, naye anyamaze na kusikiliza. Bwana atupe masikio.