Ameleta Nini?

Kwetu Mkula, wilayani Busega, kiongozi hupimwa kwa moja ya maswali mawili, na ni nadra mtu mmoja kuulizwa yote. Mwenyekiti wa kijiji huulizwa: mapato na matumizi yako wapi? Akipitisha mkutano mmoja, wa pili, bila kuyasoma, minong'ono huanza, hata kama fedha yenyewe ni michango ya mabati ya darasa moja. Mbunge huulizwa jingine: ameleta nini? Akitaja barabara, kisima na kituo cha afya, hupigiwa makofi. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza barabara ile iligharimu kiasi gani, na nani aliyekagua.

Kwa nini wa mifuko ya saruji tunamdai hesabu, na wa mabilioni tunamdai zawadi? Naliona hili kuwa swali la maadili kabla ya kuwa la siasa. Linahusu kile ambacho mwakilishi anadaiwa na waliomtuma.

Katiba ina jibu lake. Ibara ya 63(2) inalipa Bunge, kwa niaba ya wananchi, kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ukiondoa Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ambao ni fungu dogo, mbunge hana hazina ya kuleta chochote. Anayejenga ni Serikali, kwa kodi zetu. Mbunge anapitisha bajeti, anapitisha sheria, kisha anauliza. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anakagua kila mwaka, na ripoti zake hufika kwenye kamati mbili za Bunge: PAC kwa hesabu za Serikali Kuu, LAAC kwa hesabu za halmashauri, yetu ya Busega ikiwemo. Kwa maandishi, basi, mbunge ni muulizaji. Kuleta ni kazi tuliyomwongezea sisi.

Nilimweleza haya mzee mmoja jirani yetu, niliporudi likizo kutoka chuoni ninakosomea shahada ya uzamili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, maswali hayachotwi kwa ndoo."

Hoja hiyo ina uzito. Mama anayeamka usiku kutafuta maji hawezi kuambiwa afurahi kwa sababu mbunge wake alimbana waziri vizuri. Kwa mtu mwenye shida ya leo, anayeleta ni mwema na anayeuliza ni msemaji tu. Tena anayeuliza sana anaweza kununiwa na wakubwa, na jimbo lake likasahaulika. Kwa hesabu hiyo, mbunge mnyamavu anayepata kisima anaonekana kuwapenda watu wake kuliko mbunge jasiri anayerudi mikono mitupu.

Lakini kuna maswali ambayo yalipata kugeuka madawati.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza, kwa takriban pauni milioni 28. Hata ndani ya serikali ya Uingereza, Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, aliipinga biashara hiyo, na mbunge Norman Lamb aliifuatilia katika Bunge lao. Waandishi walichimba, wapelelezi wakafuata. Desemba 2010, mbele ya mahakama jijini London, kampuni hiyo ilitozwa faini ya pauni 500,000 baada ya kukiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za mahesabu kuhusu mauzo hayo. Ilikubali pia kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Malipo yalipochelewa, mwaka 2011 kamati ya Bunge la Uingereza iliiita kampuni ijieleze. Mwaka 2012 fedha zikaja, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Magazeti yetu yaliziita chenji ya rada.

Kwa hiyo maswali yanaweza kuleta kitu. Kizazi changu ndicho kilichokuwa darasani wakati ule. Kinachouma ni kwamba sehemu kubwa ya kuuliza ilifanyika kwenye Bunge ambalo wazazi wetu hawakulipigia kura.

Na kwetu je? Rada ilinunuliwa Andrew Chenge akiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Aprili 2008, akiwa Waziri wa Miundombinu na mbunge wa Bariadi Magharibi, alijiuzulu uwaziri baada ya kuripotiwa kwamba wapelelezi wa Uingereza walikuta zaidi ya dola milioni 1 kwenye akaunti yake kisiwani Jersey. Fedha hizo aliziita vijisenti, na neno hilo likabaki midomoni mwa nchi nzima. Alikana kuwa zilitokana na rada, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa jambo hilo. Mimi pia simhukumu. Wapiga kura walimrudisha bungeni mwaka 2010, na tena 2015.

Jimbo la jirani, Bariadi Mashariki, lilikuwa la John Cheyo wa UDP, aliyekuwa mwenyekiti wa PAC. Mwaka 2011 alikuwa katika ujumbe wa wabunge wetu waliokwenda London kudai fedha za rada. Baada ya uchaguzi wa 2015 hakuwa tena bungeni. Uchaguzi una sababu nyingi, na sitadai kwamba aliadhibiwa kwa kuuliza. Nasema tu kwamba eneo moja lilikuwa na mwenye maswali ya kujibu na mwenye kazi ya kuuliza, na sisi wote tuliwapima kwa rula ileile: ameleta nini?

Wengine husema kuuliza ni kumtuhumu mtu, na kumtuhumu mkubwa ni kukosa adabu. Hapo wakulima wa pamba wana la kufundisha. Msimu wa kuuza ukifika, mkulima husogea kwenye mizani akasoma kilo zake mwenyewe. Karani anaweza kuwa shemeji yake. Atamwamkia, atamuulizia watoto, na mizani ataisoma. Karani mwaminifu hachukii. Akianza kuikinga mizani kwa mwili wake, hapo ndipo watu hushtuka. Kusoma mizani ndiko kunakowaruhusu wawili hao waendelee kuwa shemeji.

Tuwe wakweli pia kuhusu mzigo tunaomtwisha mbunge. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Anayesema "hapana" anaweza kuwa anasema "hapana" kwa kiti chake. Mwaka 2019, Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, alipotumia neno "udhaifu" kulieleza Bunge, Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi naye. Ujasiri wa namna hiyo hauwezi kudaiwa kwa mtu ambaye hana wa kumsubiri nyumbani.

Ndiyo maana nadhani sehemu ya deni ni letu. Mbunge atauliza akijua kwamba akirudi jimboni, kuuliza kutahesabiwa. Tukimpima kwa visima tu, tunamfundisha kuwa mwombaji mbele ya Serikali anayopaswa kuisimamia, na mwombaji hakagui mfuko wa anayempa. Mzee jirani yetu ana haki ya kudai maji. Lakini kisima kilichojengwa kwa bei ya visima viwili kimemnyima mtu wa kijiji kingine ndoo yake, na mtu huyo hayumo kwenye mkutano wetu kulalamika.

Taarifa Rasmi za Bunge zimeandikwa kwa Kiswahili, na jina la kila anayesimama limo. Mgombea anayerudi kuomba kura akimaliza kutaja alivyoleta, anyooshe mkono mmoja wetu, kwa heshima zote, amuulize: Mheshimiwa, miaka hii mitano uliuliza nini kuhusu fedha zetu, na ulijibiwaje?