Mgonjwa akiruhusiwa, haki yake haijaisha

MTU akilazwa Bugando, sisi wa Mwanza hatumtupi. Muda wa kuona wagonjwa ukifika, ndugu, majirani na waumini wenzake hupanda kilima kile na hotipoti za chakula, wakamwombea dua na kumwachia chochote. Ni jambo jema. Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu kwa nduguye, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.).

Swali la kujiuliza ni hili: je, haki hiyo inakoma siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani?

Tuchukue mfano wa kijana aliyevunjika uti wa mgongo, ama kwa ajali ya bodaboda, ama kwa kuangukiwa na kifusi machimboni huko Geita. Matibabu yamekwisha, lakini miguu haina nguvu. Kwa wiki nyingi wodini amefundishwa upya kuketi, kujigeuza kitandani mara kwa mara ili asipate vidonda vya kulalia, kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na kujisafisha. Sasa anarudi nyumbani. Na nyumbani ni Mabatini, Igogo au Bugarika, juu kwenye miamba, ambako hata mwenye miguu mizima hupanda akihema. Kiti kinaachwa chini kwa jirani, yeye anabebwa mgongoni. Akishafika juu, hashuki tena. Na wale waliopanda kilima cha Bugando kumwona, ni wachache watakaopanda kilima cha kwake.

Hapo ndipo tunapomwambia asubiri, ni kadari ya Allah. Ni kweli, ni kadari. Lakini subira ni wajibu wake yeye. Wajibu wetu sisi uko wapi? Kadari imemvunja mgongo. Ngazi za msikiti zisizo na njia ya magurudumu tumezijenga sisi, kwa michango yetu wenyewe. Tusimsingizie Mwenyezi Mungu kazi ya mafundi wetu.

Wapo pia wanaokosea kwa huruma. Mama hataki mwanawe ajisumbue, basi anamlisha, anamgeuza, anamwogesha. Baada ya miezi michache mikono iliyozoezwa hospitalini imelegea. Huruma ya namna hii inamrudisha kitandani mtu aliyekwisha kutoka kitandani.

Kisha kuna jambo ambalo wengi wanaona haya kulisema. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hawezi kuuzuia mkojo, na huenda akavaa mfuko wa kuupokelea. Wengine huacha kuswali kabisa kwa kudhani hawana twahara. Nani amewafundisha vinginevyo? Mafaqihi wamekwisha kulieleza suala la mwenye udhuru wa kudumu: hujisafisha kadiri awezavyo, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, na huswali hata kama mkojo unaendelea kumtoka. Na Imran bin Huswayn (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Swala haikumwacha mgonjwa. Sisi ndio tuliomwacha bila kumfikishia elimu hiyo.

Tunaijua sana hadithi ya yule kipofu aliyeomba ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kukosa mtu wa kumuongoza. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama anaisikia adhana. Aliposema ndiyo, akaambiwa aitikie. Tukiisoma, macho yetu yote huwa kwa kipofu. Lakini kama mtu kama yule anaitwa, basi wanaomwita wana jukumu gani juu ya njia atakayopita? Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa, alikuwa muadhini pamoja na Bilal, na Mtume (s.a.w.) alipata kumuachia usimamizi wa Madina aliposafiri. Hakuwekwa pembeni apokee sadaka. Alipewa kazi.

Wengine husema magurudumu yataingiza najisi msikitini. Sunna imetufundisha kwamba viatu vyenye uchafu husuguliwa chini, na huswaliwa navyo. Gurudumu nalo linashindwaje kufutwa kwa kitambaa mlangoni?

Tabari ameandika kwamba Khalifa al-Walid bin Abdul Malik, aliyetawala kati ya mwaka 705 na 715, alimpa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumuongoza. Nchini kwetu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Hivi tusubiri serikali itukumbushe jambo ambalo khalifa alilifanya miaka 1,300 iliyopita?

Kamati za misikiti zianze na machache: njia ya mteremko mlangoni, sehemu moja ya kutawadhia iliyo pana, na vijana wanne wa zamu ya kumshusha ndugu yao kila Ijumaa. Akishafika, asiachwe mlangoni anyooshewe sarafu. Kama alikuwa mwalimu wa madrasa, arudishiwe darasa lake. Kama anajua hesabu, apewe daftari la michango.

Tulipanda kilima kumwona alipokuwa amelala. Tusishindwe kumshusha sasa anapotaka kuamka.

Wabillahi tawfiq.