Je, Bendera Ikibadilika, Watu Hubadilika?

Nchi ya Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania Bara, ilitawaliwa na mataifa mawili ya kigeni kabla ya kujitawala yenyewe. Wajerumani walianza kuimiliki mwaka 1885. Waingereza wakaitwaa katika vita vya 1914 hata 1918. Na tarehe 9 Desemba 1961 bendera yao nayo ikashushwa. Mzee aliyezaliwa zamani za Wajerumani aliweza kuishi chini ya bendera tatu asihame kijijini kwake. Basi, twauliza: je, alikuwa watu watatu? Na kama alikuwa mtu mmoja, umoja wake ulikaa katika nini?

Kwanza tutazame maneno ya vinywani mwetu. Neno hela latokana na heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904. Sarafu ile ilikwisha zamani, Waingereza wakaleta shilingi. Lakini hata leo mama aendaye sokoni husema, "Sina hela," wala hamkumbuki Mjerumani yeyote. Shule nalo ni neno la Kijerumani, na ndugu zetu wa Unguja husema skuli, kwa kufuata Kiingereza. Wengine wasikiapo habari hii huona haya, wakidhani kwamba sisi ni nguo ya viraka. La, sivyo. Maneno hayo yalipoingia yalitii sheria za lugha yetu: twasema shuleni, twasema hela zetu. Mgeni aliyezishika desturi za nyumba amekuwa mtu wa nyumbani.

Lakini maneno ni jambo jepesi. Jambo zito ni mila, na hapo watu hushindana. Wageni wengine walizidharau mila za wazee wetu zote pamoja. Wengine walizipenda: mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliuona ukoo, ujirani na rika la Wachaga kuwa vipawa vya Mungu, akataka usharika ujengwe juu ya mambo hayo. Twamshukuru kwa heshima hiyo. Walakini mila haiwi mbaya kwa kuwa mgeni ameichukia, wala haiwi njema kwa kuwa mgeni ameipenda. Mwenye kuipima ni yule aishiye ndani yake, naye ndiye atakayejibu kwa matunda yake.

Jambo hili lilionekana mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini. Kama Ukristo ungalikuwa mali ya Wajerumani tu, ungalipanda meli pamoja nao. Lakini walimu na wazee wa sharika waliendelea kufundisha na kuomba kwa lugha zao wenyewe. Kitu kilicholetwa na wageni kilikuwa chao kweli, maana waliendelea kukibeba wakati aliyekileta hayupo.

Basi, tangu mwaka 1961 hatuna tena mtawala wa kigeni wa kumlaumu. Mtoto aonaye haya kusema Kichaga au Kisambaa na bibi yake hakufundishwa haya hiyo na gavana; labda ameipata nyumbani mwetu. Tena yuko mjane anayenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu mumewe, nao husema, "Ndiyo mila yetu." Mithali yasema, mkataa kwao ni mtumwa, na ni kweli. Lakini je, kwetu ni kumnyang'anya mjane? Wazee hao hao walituachia pia desturi ya kumtunza mjane na yatima wa ukoo. Tukiishika ile ya kwanza na kuisahau hii ya pili, hatuitetei mila; twalitamani shamba.

Kwa hiyo, enyi wazee na walimu, shauri la namna hii likiletwa mbele yenu, msiulize tu limetoka kwa nani, kwa Mjerumani, kwa Mwingereza au kwa babu. Ulizeni linamtendea nini yule aliye dhaifu kati yenu. Kisha toeni jibu ninyi wenyewe, maana hakuna tena mwingine wa kulitoa badala yenu.