Kazi Isiyoonekana

Msomaji, kama umepata kufika Malaba, umeuona msururu wa malori yangojayo kuvuka mpaka kuingia Uganda, na kutoka huko kwenda Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Mengi katika malori hayo yametoka Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Kila dereva aketiye humo ameikabidhi roho yake kwa watu asiowajua: aliyekaza nati za magurudumu, aliyefunga breki, aliyeunganisha usukani. Hakuwapo walipokuwa wakifanya kazi. Hakuona kama walikaza au walilegeza. Alichokiona ni gari lililooshwa, na ufunguo mkononi mwake. Kila nipitapo kando ya msururu huo swali moja hunijia: Mtu ana wajibu gani katika kazi ambayo hakuna atakayeiona?

Swali hili si la mafundi wa magari peke yao. Ni la mwashi aufunikaye msingi kwa udongo, la mpishi aliye peke yake jikoni, la karani ajazaye daftari lisilokaguliwa, na la mwanafunzi afanyaye mtihani hali msimamizi amegeuza mgongo. Mimi ni mwalimu. Katika chuo cha walimu nilifundishwa kulijibu swali hilo ubaoni, na jibu la ubaoni ni jepesi. Lakini siku nilipoulizwa swali lilo hilo na injini, nililijibu vibaya. Nataka nikueleze habari hiyo, kisha tuitafakari pamoja.

Katika likizo ya Desemba, mwaka 2018, nilinunua pikapu kuukuu aina ya Peugeot 504, iliyokuwa imelala chini ya mwembe miaka mingi, na kuku wakitaga ndani yake. Gari la aina hiyo lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda mashindano ya Safari mwaka 1975, na wazee wetu walilisifu kwa uvumilivu wake katika barabara mbovu. Nia yangu ilikuwa kuifufua injini yake nyumbani, kuiuza pikapu, na kwa faida yake kumlipia dada yangu karo ya chuo. Kazi hiyo haikunitisha. Silinda za injini ile ni vikombe vya chuma vilivyochomekwa, hata mtu aweza kuving'oa na kuweka vipya bila kulipeleka bloku lote kwenye mashine. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa msaidizi wangu. Aliziosha nati kwa mafuta ya taa, akazipanga juu ya gunia kwa utaratibu, na jioni akanishikia taa.

Yafaa nikueleze kidogo jinsi injini ifanyavyo kazi, maana hapo ndipo jambo langu lilipo. Chini ya silinda hulala mtaimbo mzito uliopindwapindwa, ambao mafundi huuita krenki. Pistoni hupanda na kushuka, na krenki huugeuza mwendo huo ukawa mzunguko wa kuendesha magurudumu. Injini izungukapo mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde moja. Mkono wa pistoni huishika krenki kwa beringi, lakini vyuma hivyo havipaswi kugusana. Kati yao hupita utando wa mafuta ulio mwembamba kuliko karatasi ya daftari lako. Utando huo ndio ubebao mzigo wote. Ukikatika, chuma hula chuma.

Tulipoifungua injini tuliona kwamba mahali pa nne ambapo mkono wa pistoni huishika krenki palikuwa pamechimbika mistari, na nilipopapima hapakuwa duara kamili tena. Dawa yake yajulikana. Krenki hupelekwa mjini kwenye mashine ya kusaga, ikasagwa hata mahali hapo pakawa duara laini, kisha hununuliwa beringi nene zaidi zilingane na chuma kilichopungua. Lakini nilikwisha kununua beringi za kipimo cha kawaida. Na fedha zilikuwa zimekwisha, si zangu peke yangu. Mama mmoja mfanyabiashara, apelekaye mahindi na maharagwe minadani, alikuwa amenipa arubuni ili pikapu isiuzwe kwa mwingine, nami nilikuwa nimeitumia arubuni hiyo kununua pistoni.

Rafiki yangu aliye fundi alinicheka aliponiona nimeshika tama. Akasema, "Mwalimu, kata kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ukiweke nyuma ya beringi. Pengo litajaa, mgongo utakwisha. Itakwenda miezi mitatu, pengine sita. Baada ya hapo si gari lako tena." Nilitenda alivyosema. Nikafunga, nikatia mafuta, nikawasha. Injini iliitika kwa sauti tulivu, na majirani waliokuja kutazama wakapiga makofi. Nami nilifurahi, sitakuficha. Mpwa wangu alikuwa akijifuta mikono kwa tambara. Akaniuliza, "Mjomba, yule mama tutamwambia habari ya ile karatasi?"

Nikamjibu, "Tutaona." Neno hilo, msomaji, ni maficho makubwa ya watu wazima.

Usiku ule nilijitetea mbele ya nafsi yangu kwa hoja nne, nami nitakupa zote, kwa kuwa yamkini utazihitaji siku moja na ni vema uzijue mapema. Ya kwanza ilikuwa umaskini: sikuwa na fedha za kusaga krenki, na mtu halazimiki kutenda asiloweza. Ya pili ilikuwa mnunuzi mwenyewe: ana macho na ana masikio, na angeweza kuja na fundi wake. Ya tatu ilikuwa desturi: wengi hufanya hivyo. Ya nne ilikuwa bahati: pengine injini isingevunjika kamwe.

Hoja hizi zina sura ya kweli, na ndiyo maana ni za hatari. Tuzipime moja moja. Ni kweli kwamba umaskini huweza kumzuia mtu asisage krenki, lakini haumzuii kusema kwamba krenki haikusagwa. Kusema hakuna gharama ya mashine. Ni kweli kwamba mnunuzi ana macho, lakini mimi nilikuwa nimelipeleka kosa mahali macho yasipofika, kisha nikamlaumu kwa kutoona. Ni kweli kwamba wengi hufanya hivyo, lakini mimi mwenyewe nisingekubali kupanda gari la mtu aliyefanya hivyo, nikijua. Na kuhusu bahati, niliyekuwa nikiitegemea bahati ni mimi, na ambaye angelipa kama ingekosekana ni mtu mwingine. Huko si kubahatisha. Ni kuweka mali ya mwenzako rehani bila idhini yake.

Swali hili ni la kale. Yapata miaka 2,400 iliyopita, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeitwa Plato aliandika katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri hadithi ya mchungaji mmoja wa nchi ya Lidia. Mchungaji huyo aliona ardhi imepasuka kwa tetemeko, akashuka shimoni, akakuta maiti yenye pete ya dhahabu, akaitwaa. Akagundua kwamba akiigeuza pete upande wa ndani wa mkono wake, watu hawamwoni. Basi alikwenda kwa mfalme, akamwua, akatwaa kiti chake. Katika kitabu hicho Glaukoni auliza: Kama pete mbili za namna hiyo zingetolewa, moja kwa mtu mwema na moja kwa mwovu, je, tungeona tofauti yoyote katika matendo yao?

Mimi nilikuwa nimevaa pete hiyo. Kifuniko cha injini ni pete, na maofisa wa mpakani waziangaliao lakiri za makontena hawana lakiri ya kuitambua. Lakini hadithi ile ilinifunza jambo ambalo sikuliona nilipoisoma mara ya kwanza. Pete humficha mtenda, wala haikizuii kitendo. Mfalme aliyeuawa na mtu asiyeonekana amekufa sawasawa na aliyeuawa hadharani. Vivyo hivyo kile kipande cha karatasi nyuma ya beringi hakikujua kwamba kimefichwa. Hakikuifanya krenki iwe duara. Kilinyamazisha mlio tu, na mlio ndio onyo pekee ambalo injini ilikuwa nalo. Siku moja utando wa mafuta ungekatika, mkono wa pistoni ungekwama au ungevunjika na kutoboa ubavu wa injini. Na injini ikikwama ghafla, magurudumu ya nyuma yaweza kukwama pamoja nayo. Nilimfikiria yule mama mtelemkoni, na wanawake wenziwe wameketi juu ya magunia ya mahindi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nikaona kwamba maradhi haya, mwenye kuyaficha ni mmoja na wa kufa ni wengine.

Hapo nikalipata jibu la swali langu. Kazi ionekanayo ina walinzi wengi. Rangi ikipakwa vibaya, mnunuzi ataiona na kupunguza bei. Kiti kikichanika, atanung'unika. Kazi isiyoonekana ina mlinzi mmoja tu, naye ni yule aliyeifanya. Mtu asiyeweza kuona hana la kufanya ila kuamini, na kadiri anavyolazimika kuamini zaidi, ndivyo deni la anayeaminiwa linavyozidi. Basi wajibu haupungui pale jicho lisipofika. Hapo ndipo unapokuwa mzito kuliko popote.

Asubuhi nilikwenda kwa yule mama. Nikasema, "Shikamoo, Mama. Injini ina kasoro, nami niliificha." Nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ahsante, Mwalimu. Lakini nirudishie arubuni yangu." Nikauza ng'ombe mmoja nikamrudishia.

Najua ungependa kusikia kwamba mama yule alirudi akaninunulia kwa bei kubwa, au kwamba habari za uaminifu wangu zilienea na wateja wakafurika. Sitakudanganya, hasa katika insha ya namna hii. Mama yule alinunua gari kwingine. Dada yangu alikaa nyumbani muhula mzima akingoja karo, na siku nyingine alinitazama kwa jicho ambalo sikuweza kulikabili. Rafiki yangu fundi aliniita mjinga mbele ya watu. Pikapu ilikaa uani hata likizo ya Agosti, mwaka 2019, nilipopata fedha za kuisaga krenki. Ilipouzwa, mnunuzi aliitazama stakabadhi ya mashine, akairudisha, wala hakuongeza hata shilingi moja.

Nakueleza hayo kwa kuwa vijana wengi hufundishwa kwamba uaminifu hulipa. Mara nyingi hulipa, na ni vizuri ukilipa. Lakini aliye mwaminifu kwa ajili ya malipo ataacha uaminifu siku udanganyifu utakapolipa zaidi, na siku hiyo haikawii kufika. Sababu ya kusema kweli haikuwa faida yangu. Sababu ilikuwa kwamba yule mama ni mtu kama mimi, ana haki ya kujua amepanda nini.

Wala usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila kazi lazima iwe kamilifu. Maisha ya watu wengi katika nchi zetu huenda kwa vitu vikuukuu na viraka, na kiraka kilichotiwa kwa nia njema si aibu. Ningeliweza kumwambia mama tangu mwanzo, "Gari hili ni bovu hapa na hapa, na bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo," nisingekuwa na hatia yoyote. Kosa langu halikuwa kutia kiraka. Kosa lilikuwa kutia kiraka kisha kukaa kimya ili mwenzangu adhani ni kitu kizima.

Tulipoifunga injini mara ya pili, mpwa wangu alizifuta beringi zote mwenyewe, akazipaka mafuta kwa kidole, akaziweka mahali pake. Kisha alishika taa, akasogea kando, akaniita: "Mjomba, njoo uone kabla hatujafunga."

Msomaji kijana, kesho utakuwa fundi, au muuguzi, au mwashi, au mwalimu, na utafunga vitu vingi ambavyo havitafunguliwa tena machoni pa watu. Kabla hujafunga, jiulize kama ungethubutu kumwita mwenye kitu aje na taa atazame. Kama ungethubutu, funga. Kama hungethubutu, fungua tena, au mwambie.