Ndiyo mbili kwa wakubwa wawili



Kazini mkubwa mmoja anatuambia: «Fungua depo, toa magunia.» Mwingine: «Funga, tuhesabu kwanza.» Tunajibu ndiyo kwa wote wawili, kisha tunajificha na kujitetea kwa Mathayo 6:24. Lakini pale Bwana alisema juu ya Mungu na mali, si juu ya mashefu wawili wa depo moja. Dhambi yetu ni ile ndiyo ya pili, maana ni uongo. Tumwambie kwa heshima: «Baba, shefu mwenzako ametuagiza vingine, mpatane, nasi tutatii.» Huenda tutakaripiwa. Papa Simon Kimbangu alivumilia gereza miaka 30, tangu 1921 mpaka 1951. Sisi tutaogopa karipio?