TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Kijana na tochi



Ndugu zangu, leo nilipanga tuanze mambo ya itikafu. Lakini juzi baada ya tarawehe kuna kijana wetu alikaa pale karibu na kabati la misahafu mpaka watu wakaisha, ndipo akanijia. Swali lake nimeona si lake peke yake. Amenipa ruhusa nilisimulie bila jina, basi itikafu tutaikuta kesho in shaa Allah.

Kijana huyu leseni yake haijafikisha mwaka. Mjomba wake alimpa gari aende Morogoro akachukue mizigo. Wakati wa kurudi, amekwishapita Chalinze, saa kumi na moja na nusu jioni, kafunga, kiu imemkamata, na mama keshapiga simu mara tatu: "Umefika wapi? Futari inaiva." Akaingia kwenye kijiji kimoja cha barabarani. Kibao cha 50 kipo, na anasema alikiona. Mguu hakuutoa kwenye mafuta. Mbele kidogo trafiki akanyoosha mkono, simama pembeni. Tochi imesoma 78, na picha ya gari akaonyeshwa.

Mpaka hapo ni kosa la barabarani, na kila mwenye leseni hapa kwenye channel anajua lilivyo. Kilichomleta kijana kwangu ni dakika tatu zilizofuata.

Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa: "Afande, nisamehe, mama yangu yuko mahututi hospitali." Afande akamuuliza hospitali gani. Akababaika, akataja moja. Akaona halijaingia. Akaomba leseni yake mara moja, akairudisha ikiwa na noti ya elfu kumi imekunjwa ndani. "Afande, hiyo ya kufuturia." Yule askari akaitoa noti, akamrudishia mkononi, akamwambia, "Kijana, na mimi nimefunga." Kisha akaandika faini yake, 30,000, akampa karatasi, akamwambia aendeshe taratibu.

Adhana ya Magharibi ilimkuta kwenye foleni, akafungulia maji ya chupa aliyonunua dirishani. Alipofika nyumbani mama kamwekea uji na tambi. Anasema alikula hali anaangalia sahani, kwa sababu saa mbili nyuma alikuwa amemlaza mama huyo huyo hospitalini kwa ulimi wake.

Swali lake likawa: "Sheikh, saumu yangu ipo?"

Nilimjibu hivi, nanyi mlipokee. Kwa wanazuoni walio wengi, uongo hauvunji saumu kwa maana ya kulazimu kuilipa. Siku ile ni ya kwake, hana kadha. Lakini asifurahi mapema. Iko hadithi ya Abu Huraira katika Bukhari, Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyafanyia kazi, Allah hana haja na huko kuacha kwake chakula na kinywaji. Hebu jiulize ni nini kilichobaki hapo. Njaa umeipata, kiu umeipata, na thawabu umeiacha pembeni ya barabara kwa sababu ya 30,000. Njia yake ni toba, na mlango wa toba Ramadhani hii uko wazi usiku na mchana.

Sasa lile la noti. Tusilifiche kwa majina mazuri. Tunaita "chai", "ya maji", "ya kufuturia", mpaka Ramadhani nayo tumeipatia jina lake la rushwa! Hadithi ya Abdullah bin Amr inajulikana, Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Kuna mtu atasema, lakini sheikh, wanazuoni si wamezungumza juu ya mtu anayezuiliwa haki yake na hana njia nyingine? Ndiyo, wamezungumza. Lakini wewe hapo haki gani umezuiliwa? Kibao umekiona, picha umeionyeshwa. Hukuwa unatetea haki yako, ulikuwa unanunua isiyokuwa yako.

Na mimi sisemi haya nikiwa juu ya mimbari peke yangu. Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu, na pikipiki ya kuazima, nilisimamishwa nikatoa elfu tano. Nikaondoka nacheka, nikafika kijiweni nikawahadithia wenzangu, wakanisifu kuwa mjanja. Miaka imepita mingi, nimesoma, nimefundisha, nimepewa msala wa kuswalisha watu, na elfu tano ile bado naikumbuka noti yake. Kwa hiyo kijana alipokuwa analia mimi sikumshangaa.

Wako wanaosema mambo ya barabarani ni sheria za serikali tu, dini haimo. Dini imo. Mwaka 1993 wanazuoni wa Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walikutana Brunei, wakalizungumza hasa suala la ajali za barabarani. Wakapitisha kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu, kwa sababu ndani yake mna kulinda roho za watu. Na aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha tutimize mikataba. Siku ulipochukua leseni uliingia mkataba na kila anayevuka barabara, hata yule mtoto usiyemjua.

Ngoja nirudi kidogo kwenye ualimu wangu. Tuseme eneo la kijiji kile ni kilomita 2. Ukiyapita kwa mwendo wa 50, unatumia dakika 2 na sekunde 24. Ukiyapita kwa 78, dakika 1 na sekunde 32. Umeokoa sekunde 52. Ndugu yangu, sekunde 52! Hata Suratul Mulk hujafika mbali. Sasa upande wa pili wa hesabu. Kwa mwendo wa 50 gari linakwenda kama mita 14 kila sekunde. Kwa 78, karibu mita 22. Mtoto akitokea ghafla, ile sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu haujagusa breki, umekwishakula mita 22, na kusimama kwenyewe bado. Na saa kumi na moja na nusu ya Ramadhani kijijini mnaijua ilivyo: huyu katumwa barafu, yule katumwa nazi, mzee anavuka na birika kwenda msikitini, mama kakaa na kikapu cha chapati kando ya lami. Na wewe dereva tangu daku hujala kitu, macho mazito, akili iko kwenye uji. Msafiri ana ruhusa ya kula, ipo katika Suratul Baqara. Ukihisi usingizi unakuzidi kwenye usukani, chukua ruhusa ya Mola wako, utailipa siku nyingine. Uliyemgonga hutamlipa.

Najua mtakaponishika. "Sheikh, si umetufundisha kuharakisha futari ni sunna?" Nimewafundisha, na hadithi ya Sahl bin Sa'd ni sahihi. Lakini kuharakisha kule ni jua likizama usicheleweshe kufungua. Tende moja na maji vinakutosha, na tende inakaa ndani ya gari. Hakuna mahali Mtume (s.a.w.) alipotwambia tuiwahi sahani ya mama kwa 78. Tena tazameni alivyokuwa yeye mwenyewe safarini. Siku alipotoka Arafa, amesimulia Ibn Abbas, alisikia nyuma yake kelele na watu wanawapiga ngamia wao waende mbio. Akawaashiria kwa fimbo yake watulie, akawafahamisha kwamba wema haupo katika kukimbiza. Watu wale wako kwenye hija, hawaendi sokoni wala mpirani, na bado aliwapunguza mwendo. Na Usama bin Zayd, aliyekuwa amepanda naye, anasema alikwenda mwendo wa wastani, na akipata uwazi mbele huongeza. Penye watu wastani, penye uwazi unaongeza. Kile kibao cha 50 na kile kinachokiondoa mbele ya safari, ukivitazama vizuri, havikusema jambo jingine.

Basi ukipigwa tochi, kijana wangu, fanya hivi. Simama mahali salama, zima gari, salimia. Omba kuona picha kwa adabu, ni haki yako. Kama ni kweli, sema kweli: "Afande, nimezidisha." Neno hilo ni zito mdomoni mara ya kwanza tu. Kama unaona umeonewa, usigombane barabarani, sheria inakupa nafasi ya kukataa kosa na kwenda kujieleza mahakamani. Ukiandikiwa, lipa kwa ile namba ya malipo iliyo kwenye karatasi, usiache siku 7 zipite deni likaongezeka. Na usiisokote karatasi ukaitupa dirishani ukadhani imekwisha. Deni linasoma kwenye leseni, linasoma na kwenye namba ya gari.

Hapo ndipo swali lake la pili lilipotoka, kwa sauti ndogo zaidi ya lile la kwanza: "Na mjomba nimwambie?" Gari si lake. Ni amana, na aya ya 58 ya Suratun Nisaa iko wazi juu ya amana. Nikamwambia amwambie usiku ule ule, kabla mjomba hajalikuta deni mwenyewe. Na mama je? Kumweleza kila kitu sikumlazimisha. Nilimwambia amwombee dua za afya kwa idadi asiyoihesabu.

Jana kanitumia ujumbe. Mjomba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kitu kimoja, "Umelipa?" Akasema bado. "Basi lipa kwa pesa yako." Alikuwa na 18,000. Kuna ndugu mmoja alipopata habari akaniambia tumchangie hizo 12,000, nikakataa, na huyo ndugu ananisoma hapa. Kijana kapata kibarua cha kupakua mchele kwa siku mbili, na muda wake unaishia Jumatatu.

Ufunguo wa gari mjomba amemwachia. Na mama, aliyeambiwa tu kwamba foleni ilikuwa kubwa, ameweka kopo la tende kwenye gari.

Kesho in shaa Allah: itikafu, nani anaingia na lini. Wenye maswali nitumieni kabla ya Alasiri.

Wassalaam alaykum.